Ukitaka kuchonga kisichoonekana

Kuna sanamu moja ya sayansi ambayo karibu kila mtu ameiona: mpira katikati, pete tatu za chuma zimeuzunguka, na vijipira vidogo vimebandikwa kwenye pete. Ni atomu. Husimama kwenye lango la shule, la maabara, la kiwanda cha dawa, na watu hupita bila kugeuza shingo. Fundi aliyeichomelea huenda alikuwa hodari. Tatizo ni kwamba ametuchongea jibu, tena jibu lililopitwa na wakati, maana tangu miaka ya 1920 wanafizikia hawaamini kwamba elektroni huzunguka kwenye njia za duara kama sayari. Mtu akishaitambua, basi, anaendelea na safari yake.

Maelezo haya ni ya mchongaji, mwalimu wa sanaa, mwanafunzi au fundi wa kuchomelea anayetaka sanamu ya namna nyingine, inayoanzia kwenye sayansi au falsafa na kumfikisha mtazamaji mahali ambapo akili inagota. Kazi za aina hiyo zipo, na baadhi zina umaarufu mkubwa. Ukizipekua kwa jicho la fundi utaona jambo moja linajirudia: kila moja ina sehemu ambayo mtazamaji hawezi kuifikia, na mchongaji ameipanga sehemu hiyo kwa makusudi, kama alivyopanga uzito na urefu. Amua mapema utaiweka wapi. Mengine yote yanategemea hapo.

Tafuta swali lenye kipimo

"Ulimwengu ni nini?" ni swali la kuulizana barazani, chuma hakiliwezi. "Chini ya miguu yangu kuna nini?" hilo linachongeka. Mwaka 1977 Mmarekani Walter De Maria alilichukua swali hilo karibu neno kwa neno. Katika uwanja wa Friedrichsplatz mjini Kassel, Ujerumani, kilichimbwa kitundu kwenda chini kilomita moja nzima, kikateremshwa ndani yake fimbo ya shaba ya manjano yenye unene wa sentimita 5 na urefu wa kilomita hiyo hiyo. Juu yake likalazwa bamba la mawe mekundu, mita 2 kwa 2. Anayefika leo anaona kiduara cha shaba kinachoenea kwenye kiganja. Sanamu yote iliyobaki iko ardhini, na hakuna atakayeiona. Lazima aamini, au asiamini.

Kwa hiyo andika swali lako kwa sentensi moja, litumie kitenzi cha mwili: kuona, kugusa, kubeba, kusikia, kupita. Kisha lidai namba. Lina urefu gani? Linadumu muda gani? Linahitaji watu wangapi? Swali lisilokubali namba hata moja bado halijaiva, lirudishe jikoni. Msanii anayesema sanamu yake "inahusu wakati" hajasema kitu mpaka aseme ni dakika ngapi.

Malighafi nayo ichaguliwe kwa tabia yake. Desemba 2018 msanii Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing waliweka vipande 24 vya barafu kutoka Greenland mbele ya jumba la Tate Modern, London. Wangeweza kuchonga barafu ya kioo, ikadumu karne. Lakini barafu halisi iliyeyuka mbele ya watu, wakaigusa, wakaitegea sikio, ikaisha. Cornelia Parker naye, mwaka 1991, aliliomba jeshi la Uingereza limlipulie kibanda cha bustani chenye vikorokoro vyake vyote, akaviokota vipande na kuvitundika kwa nyuzi kuizunguka balbu moja inayowaka. Kivuli cha kila kipande kinaruka ukutani. Unachokitazama ni mlipuko uliosimama, jambo ambalo jicho halijapata kuliona kwa sababu halina kasi ya kulidaka.

Kwetu somo hili lina wazee wake. Wachongaji wa Kimakonde walipoanza kuchonga mashetani, mtindo unaohusishwa na Samaki Likankoa kuanzia miaka ya 1950, waliacha gogo la mpingo liwaongoze: kizinga chenye kona kikatoa kiungo chenye kona, tundu likageuka jicho au mdomo. Hakuna aliyewadai wathibitishe umbo la shetani. Mwanafizikia akikueleza kwamba kitu anachokichunguza hakina umbo linaloweza kuchorwa, usione haya kukumbuka kwamba tatizo hilo limeshikiwa patasi siku nyingi.

Zoezi la kwanza: kichwa kinachotoweka

Julian Voss-Andreae ni mchongaji mzaliwa wa Ujerumani aliyesomea fizikia kabla ya sanaa. Alikuwa katika kikundi cha mwanafizikia Anton Zeilinger mjini Vienna wakati walipoonyesha, mwaka 1999, kwamba hata molekuli kubwa yenye atomu 60 za kaboni hutenda kama wimbi. Mwaka 2006 alitengeneza mtu anayetembea, mrefu kuliko binadamu wa kawaida, kwa mabamba zaidi ya mia moja ya chuma yaliyosimamishwa sambamba na kuachwa nafasi kati yake. Ukimtazama kwa mbele ni mtu wa chuma kitupu. Zunguka hadi ubavuni, unabaki na mistari myembamba na miti iliyo upande wa pili.

Kazi hii unaweza kuijaribu mezani kwa bei ya gundi, na nakushauri uifanye kabla hujagusa chuma, kwa sababu itakufundisha jambo ambalo picha hazikufundishi.

Usianze na mtu anayetembea. Ukimkata vipande, mkono unabaki unaelea peke yake na utahangaika kuushikiza. Anza na kichwa. Finyanga udongo wa mfinyanzi hadi upate kichwa chenye sentimita 20 kutoka kisogoni hadi puani na upana wa sentimita 15 hivi. Masikio yabane, nywele ziache. Kiache kikauke kidogo, kiwe kigumu kama jibini lakini kisipasuke. Tia alama juu ya utosi kila baada ya milimita 12, halafu kikate wima kwa mshipi wa kuvulia uliovutwa kwa mikono miwili, kuanzia pale kwenye alama hadi shingoni, kila mkato ukitoka sikio hadi sikio. Utapata vipande kumi na sita au kumi na saba. Panga kila kimoja juu ya boksi gumu, zungushia penseli, kata kwa wembe mpya. Boksi la friji au la televisheni linafaa. La biskuti litalegea.

Andika namba kwenye kila kipande papo hapo. Vipande vya katikati hufanana mno, na ukivichanganya kichwa kitapata nundu usiyoielewa ilikotoka.

Sasa chukua vijiti vitatu vya mishikaki, toboa kila kipande mahali palepale, na uvipitishe. Kutenganisha vipande, kata mirija ya soda yenye urefu wa milimita 9 uivalishe kwenye vijiti kati ya kipande na kipande. Boksi lina unene wa milimita 3 hivi, kwa hiyo nafasi inakuwa mara tatu ya kipande. Hesabu hiyo ndiyo roho ya kazi. Nafasi ikiwa sawa na unene, kichwa hakitoweki, kinafifia tu. Ikizidi sana, kwa mbele nako kitaonekana kimechanika.

Kiweke dirishani, mwanga uwe nyuma yake, usogee ubavuni. Hapo wengi hukata tamaa, kwa sababu wakiwa karibu wanaona vipande vya katikati vimefunguka na vya pembeni vimefunga. Rudi nyuma. Hatua tano au sita, simama, tafuta mstari. Kichwa kinafunguka chote, unauona ua wa jirani kupitia humo. Halafu sogeza kichwa chako shubiri moja tu kushoto: kimefunga. Sababu yake ni hesabu ya kawaida. Kipande chenye upana wa sentimita 15 huziba nafasi ya milimita 9 mara tu unapotoka nje ya mstari kwa nyuzi tatu na nusu hivi.

Maana ya jambo hilo kwa anayepanga sanamu kubwa ni nzito. Sehemu ya kutoweka ni ukanda mwembamba sana, na ukiisimamisha sanamu yako katikati ya bustani bila kufikiria njia, watu mia watapita na watano watauona muujiza. Basi njia ya miguu ndiyo ichorwe kwanza. Ipite ubavuni, mbali kiasi, na nyuma ya sanamu pawe na kitu chenye mwanga: anga, maji, ukuta mweupe. Mbele ya ukuta wa matofali mekundu, kazi yote imepotea.

Neno moja kuhusu ukweli wa mambo. Sanamu ya Voss-Andreae haithibitishi fizikia ya kwanta, ile ya chembe zinazotenda kama wimbi. Inaazima wazo moja tu, kwamba unachokipata kinategemea ulivyokaa kukitazama, na molekuli za Vienna ni habari ngumu kuliko hiyo. Wapo wanaobandika neno "kwanta" kwenye kila kitu, kuanzia godoro hadi maombi. Usijiunge nao.

Zoezi la pili: bomba la utosini

Msanii Nancy Holt alimaliza mwaka 1976, katika jangwa la Utah, Marekani, kazi ya mabomba manne ya zege, kila moja na urefu wa mita 5 na nusu na kimo kinachomzidi mtu mrefu akisimama ndani. Yamelazwa hivi kwamba siku jua linapofika mwisho wa safari yake ya kaskazini au ya kusini, Juni na Desemba, linachomoza na kuzama likiwa ndani ya tundu. Ubavuni yametobolewa kufuata mpangilio wa makundi ya nyota, na mchana vidoa vya mwanga hutembea juu ya sakafu yake.

Ni kazi nzuri, ila usiinakili. Utah iko kaskazini mno. Huko jua halifiki utosini hata siku moja. Anayeishi Mombasa, Dar es Salaam, Kampala, Bujumbura au Kisangani anacho ambacho Holt hakuwa nacho: siku mbili kwa mwaka jua linasimama juu ya kichwa kabisa na mlingoti hauna kivuli. Nairobi ni karibu na 17 Machi na 26 Septemba. Dar es Salaam ni siku za mwanzo za Machi na tena karibu na 10 Oktoba. Kila mji una siku zake, na zinapatikana kwa kulinganisha latitudo ya mji na jedwali la mwinamo wa jua ambalo mwalimu yeyote wa jiografia anaweza kukutafutia.

Bomba la chuma la inchi 2, urefu wa mita 2, lisimamishe wima, juu wazi, chini kwenye zege. Karibu na kitako likate kidirisha cha upana wa vidole vitatu ili mtu achungulie sakafu yake. Karibu mwaka mzima atakayechungulia ataona giza. Katika siku zile chache, mchana, doa la mwanga linateremka ukuta wa ndani, linagusa sakafu, linakaa dakika kumi na kidogo, linapanda ukuta wa pili na kwisha. Bomba likiwa pana zaidi, mwanga unadumu na siku zinaongezeka. Likiwa jembamba, vinapungua. Hapo ndipo unapoamua wewe kama mchongaji: unataka kumpa mtu wiki nzima au robo saa tu? Mimi ningechagua bomba jembamba.

Usitegemee saa ya ukutani kuonyesha adhuhuri. Saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata mstari ulio mashariki mwa Dar es Salaam, kwa hiyo jua hufika juu kwa kuchelewa: Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi karibu saa sita na dakika 35, Oktoba karibu saa sita na dakika 10. Namna ya kuhakikisha ni ya kizamani na haina gharama. Wiki moja kabla, simamisha fimbo iliyonyooka, tia alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano kuanzia saa sita kasorobo, na kile kifupi kuliko vyote ndicho adhuhuri yako.

Timazi ndiyo itakayokuumbua. Bomba la mita 2 likilala kwa sentimita 3 na nusu kileleni, limekosa kwa nyuzi moja. Likilala hivyo kuelekea mashariki au magharibi, mwanga utawahi au kuchelewa kwa dakika nne. Likilala kuelekea kaskazini au kusini, tarehe yenyewe itahama kwa siku mbili au tatu, na wageni uliowaalika watakuta mwanga umebaki ukingo tu. Pima pande mbili, kabla ya kumwaga zege na tena likiwa bichi, kwa sababu zege husukuma. Na weka onyo lililo wazi kwamba asithubutu mtu kuinua macho kulitazama jua kupitia juu ya bomba. Mwanga utazamwe ukiwa sakafuni.

Ukienda kwa mwanasayansi

Holt hakufanya peke yake. Alishirikiana na wanaastronomia, wahandisi, wapima ardhi, madereva wa kreni. Wewe pia utahitaji mtu. Wachongaji wengi huenda chuo kikuu wakiomba "wazo", na mwanasayansi wa watu, kwa adabu, anawapa picha ya molekuli wanayorudi nayo kuikuza kwa nondo. Nenda na karatasi moja yenye swali lako, mchoro na namba zako, useme: "Daktari, naomba unioneshe nilipodanganya." Swali hilo humfungua mtu. Atakuonyesha mahali pawili au patatu. Mahali pamoja parekebishe, pengine paache kwa makusudi ukijua unachofanya. Ukimkuta anasisimka kueleza asichokijua yeye mwenyewe, kaa kimya uandike, kwa sababu hapo ndipo ilipo sanamu yako inayofuata.

Mlipe, au angalau jina lake lisomeke kwenye kibao.

Usalama sitauongelea sana, ila kuna kisa kinachotosha. Mchongaji Anish Kapoor ana kazi ya mwaka 1992 ambayo ni shimo sakafuni, ndani limepakwa rangi nyeusi kiasi kwamba linaonekana kama duara lililochorwa tu. Agosti 2018, katika jumba la Serralves mjini Porto, Ureno, mgeni mmoja alitumbukia humo. Shimo lilikuwa na kina cha mita 2 na nusu, akapelekwa hospitali. Kazi inayofanikiwa kuidanganya akili itafanikiwa pia kuudanganya mguu. Kwa mabamba ya chuma, piga grinda kila ukingo ulio chini ya kimo cha mtu mzima, maana watoto watatia vichwa kwenye nafasi zile. Hilo lina uhakika kuliko fizikia yoyote.

Kibao na makaratasi

Kibao kiwe kifupi. Jina la kazi, malighafi, mwaka, na namba moja. De Maria angeweza kuandika ukurasa mzima kuhusu ardhi, lakini "kilomita moja" inatosha kumfanya mtu atazame tena kile kiduara. Usieleze sehemu iliyofichwa. Ukiieleza umeitoa, na umebaki na chuma. Kwa bomba letu ningeandika tarehe mbili na saa, basi.

Kuficha kunataka utunzaji pia. Mwaka 1990 Jim Sanborn alisimamisha sanamu ya shaba iliyotobolewa herufi za fumbo kwenye makao makuu ya shirika la ujasusi la Marekani, CIA, huko Langley. Alifundishwa namna ya kuficha maneno na mtaalamu wa mafumbo aliyestaafu kutoka shirika hilo hilo. Sehemu tatu zilifumbuliwa kabla ya karne kuisha. Ya nne, yenye herufi 97 tu, iliwashinda majasusi, wanahisabati na kompyuta zao kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2025 maneno yake yakapatikana, na hayakupatikana kwa hesabu. Watu wawili waliyakuta kwenye makaratasi ya msanii mwenyewe yaliyokuwa yamewekwa kwenye hifadhi ya nyaraka.

Basi weka michoro yako sawasawa: vipimo, namba za vipande, aina ya chuma, jina la fundi aliyechomelea, risiti za rangi ili atakayekuja kukarabati baada ya miaka ishirini ajue anunue nini. Nakala moja iache kwa mwenye kiwanja. Na kama kuna siri, iandike kwenye karatasi yake peke yake, bahasha yake peke yake, mbali na risiti.